Jibu: Banda la sungura linanuka mkojo wakati wa baridi

Dada wa Uyole, umeuliza kwa nini banda la sungura wako wawili linakuchoma macho asubuhi na wameanza kupiga chafya, ingawa unafagia kila Jumamosi. Kinachochoma ni amonia ya mkojo. Baridi ya Juni hapa Mbeya inafanya watu wafunike banda lote kwa turubai, hewa inakwama, na mapafu ya sungura hayaivumilii amonia hiyo. Funika upande unaopigwa na upepo tu. Mbele, na juu karibu na paa, paache wazi. Sungura mzima anastahimili baridi kavu, unyevu ndio unaomuumiza.

Mkojo uutoe kila siku, usingoje Jumamosi. Sungura huchagua kona moja ya kukojolea: weka hapo beseni lenye maranda makavu kina cha sentimita 5, juu yake nyasi kavu, umwage kila asubuhi. Maranda mabichi ya msonobari, yale yenye harufu kali ya utomvu, yaepuke kabisa, yanawasha njia ya hewa.

Mara moja kwa wiki watoe, kwangua sakafu, osha kwa sabuni. Ukoko mweupe ni chokaa ya mkojo: mwagia siki, subiri dakika 15, sugua, suuza. Klorini usiimwage juu ya mkojo wala siki, inatoa gesi ya sumu. Tena haiui vijidudu vya kokisidia vinavyowaharisha. Tumia maji yanayochemka, kisha banda likauke juani kabla hujawarudisha.