Mkuu, kiuno si ubao: vua huo mkanda kwanza

Umeandika kwamba umeshauriwa usiukunje mgongo hata kidogo, ukaze tumbo kutwa nzima na ufunge mkanda wa kiuno toka unapoamka hadi unapolala. Halafu unauliza kiuno kizima, yaani kisicho na tatizo, kinatakiwa kijikunje nyuzi ngapi. Hilo la mkanda na kujikaza ndilo litakalokuharibia. Mimi lilinigharimu, kwa hiyo sitapindisha maneno: achana nalo.

Kiuno kimeumbwa kijikunje. Pale chini kuna pingili tano, kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kile kito laini cha kati, na nyuma yake viungo vidogo viwili, kulia na kushoto. Ukiinama mbele, kila pingili inalalia mbele nyuzi chache juu ya iliyo chini yake na kuteleza milimita moja au mbili. Za juu hutoa kama nyuzi 8 kila moja, za chini hufika 12 au zaidi. Kwa jumla mtu mzima asiye na tatizo hupata kati ya nyuzi 40 na 60, kijana akizidi, mzee akipungua. Zinazobaki mpaka mikono ikaribie miguu zinatoka kwenye nyonga. Mwanzoni kiuno ndicho kinachotangulia, katikati vinakwenda pamoja, mwishoni nyonga inamalizia. Wakati wa kuinuka nyonga inaanza na kiuno kinafuata. Na sehemu kubwa ya huko kujikunja ni ule mbonyeo wa kiuno kunyooka tu. Mviringo wenyewe unakuja mwishoni, tena mdogo.

Sasa jaribu hivi. Weka vidole pande mbili za uti wa mgongo, usawa wa kiuno, upana wa vidole viwili kutoka katikati. Inama polepole. Mwanzoni utasikia misuli inatuna na kuwa migumu kama kamba iliyovutwa. Ukikaribia mwisho, kwa mtu mwenye kiuno kizima, inalegea yenyewe. Imepumzika, na uzito wa kiwiliwili sasa unaning'inia kwenye ligamenti (zile kano zinazofunga mfupa na mfupa), diski na tishu za nyuma. Kwa watu wengi wenye maumivu ya muda mrefu ule ulegevu haupo: misuli inabaki imekaza mpaka chini na mpaka juu tena.

Huko kukaza ndiko unakotaka kujifundisha kwa makusudi! Misuli ya tumbo na ya mgongo ikikaza kwa pamoja inavutana, na mvuto wote huo unazigandamiza pingili zako hata kama hujabeba kitu. Fanya hivyo kutwa, jioni kiuno kinawaka, unajiambia "bado sijakaza vya kutosha", unaongeza. Kadiri usivyokunja ndivyo kukunja kunavyozidi kuuma siku ukilazimika. Unaanza kuogopa kuvaa soksi. Mduara huo kuutoka ni kazi ya miezi.

Wanaonitia hasira ni wale wa mabango yenye picha mbili, mgongo wa mviringo umewekewa alama nyekundu na ulionyooka alama ya kijani, na walimu wa mazoezi wanaoyakariri. Hata huo mgongo wa "kunyooka" haunyooki: mchutamishe mtu abebe kwa magoti, mpime kwa vyombo, utakuta kiuno kimejikunja nyuzi nyingi tu bila yeye kujua. Ushauri ule ulihusu mzigo mzito. Nani aliwatuma kumwambia mtu anayeokota kalamu apige goti?

Mzigo mzito ni habari nyingine, na hapo sibishi. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya kipimio kilichoingizwa ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea. Akiwa amesimama tu, shinikizo ndani ya diski lilikuwa megapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.5. Akiinua kilo 20 kwa mgongo wa mviringo, 2.3, akikunja magoti, 1.7. Lakini tazama hili: zile zile kilo 20 zikishikwa karibu na mwili ni 1.1, zikishikwa sentimita 60 mbele ni 1.8. Kwa hiyo vuta mzigo kifuani kabla hujaanza kugombana na umbo la mgongo.

Kanuni yangu ni moja: kunja kiuno kila siku bila mzigo, na usikunje hadi mwisho katika saa ya kwanza baada ya kuamka. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba. Vipimo vilivyochapishwa 1987 vilionyesha kwamba mkazo wa kuinama asubuhi huzidi wa jioni kwa takriban asilimia 300 kwenye diski na asilimia 80 kwenye ligamenti. Ukitembea na kufanya kazi nyepesi, maji ya ziada yanakamuliwa.

Anza umelala chali, magoti juu, gandamiza kiuno sakafuni taratibu na kuachia, mara 10. Siku chache baadaye piga magoti na viganja chini, uinue mgongo kama paka, mara 10. Kisha kaa kitini, jikunje katikati ya mapaja, mikono ining'inie. Mwisho simama, kidevu kifuani, telezesha viganja kutoka mapajani hadi magotini, baadaye hadi kwenye miundi. Fanya mara mbili kwa siku, na pumua. Ukibana pumzi umerudi kwenye kujikaza. Mvuto unaotulia baada ya dakika chache si tatizo. Maumivu yanayoshuka chini ya goti, rudi hatua moja nyuma. Ganzi sehemu za siri, au mkojo kukataa au kutoka wenyewe, hiyo ni hospitali leo hii. Na mwenye mifupa iliyodhoofika, au aliyewahi kuvunjika pingili, haya yasimhusu mpaka aone daktari.

Nyuzi huwezi kujipimia, ila sentimita unaweza. Simama wima, mtu akutie alama kwa kalamu katikati ya vile vishimo viwili vya juu ya makalio, kisha nyingine sentimita 10 juu yake na ya tatu sentimita 5 chini. Kati ya ya juu kabisa na ya chini kabisa ni 15. Inama unapoweza, apime tena juu ya ngozi: kiuno kizima kinafika 20 au kuzidi. Pima jioni bila mkanda, uniandikie hapa umepata ngapi.