Moshi kwenye msumeno wa mnyororo wa umeme
Ndugu uliyeuliza kama mota ya msumeno wako wa mnyororo wa umeme imeungua kwa kuwa unaona moshi unapokata mwarobaini, moshi huo mara nyingi hutokana na mnyororo kukosa oili au kuwa butu, wala si lazima mota iwe imeungua. Chomoa plagi kwanza, kwa sababu kuzima swichi peke yake hakutoshi, kisha jaza oili, safisha tundu lake ambalo huzibwa na vumbi la mbao, na uvute mnyororo kwa mkono uliovaa glavu: usining'inie chini ya bamba, yaani chuma kirefu bapa ambacho mnyororo hukizunguka, lakini uzunguke bila kukwama. Mnyororo ukitoa unga laini badala ya vipande vya mbao, unoe kwa tupa ya mviringo. Usikate kamwe kwa ncha ya bamba, maana hapo ndipo msumeno humrukia mkataji usoni. Na manyunyu yakianza, acha kazi.