Chupa mbili za nusu lita: kwa wewe unayeanza kutengeneza video za elimu

Video yangu ya kwanza ya afya ilihusu ORS, ule unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, na niliipenda mno. Jagi la kioo, maji yanameta, muziki laini kwa chini, na mimi nimeikaza sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari: "Changanya pakiti moja katika lita moja ya maji safi na salama." Wiki mbili baadaye nikapita kwa jirani yangu muuza mihogo, nikamkuta anamnywesha mjukuu wake ORS. Pakiti nzima, kikombe kimoja cha chai. Nikamuuliza amejifunzia wapi.

"Kwenye video yako, mwanangu."

Hakukosea yeye. Kwenye simu ndogo, jagi langu na kikombe chake vilikuwa vinalingana. Na neno lita analijua dukani anaponunua mafuta ya kula, ila jikoni kwake hakuna chombo chenye alama ya lita. ORS ikiwa kali kiasi kile chumvi inazidi, na mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji anaweza kudhurika badala ya kusaidika. Tukaimwaga. Nikaokota chupa mbili za maji za nusu lita, zile zilizojaa kila kona ya mtaa, tukaziosha, tukapima, tukachanganya upya.

Video nikaifuta, nikairudia kwa chupa hizo hizo, kamera ikitazama mikono tu. Chupa ya kwanza, chupa ya pili, pakiti nzima, koroga. Nikaongeza niliyoyasahau mwanzo: iliyopitisha saa 24 imwagwe, na zinki ya miligramu 20 apewe kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma (chini ya miezi sita, nusu kidonge). Sura yangu haimo. Hakuna aliyeniulizia.

Tangu siku ile, nikiandika maneno ya video najiuliza kila mstari: huyu anayetazama atashika nini? Kama hakuna cha kushika, cha kubonyeza wala cha kumwambia nesi, mstari huo naukata au naupa chombo. Wewe pia anza hapo. Mambo ya kamera nzuri yatakuja yenyewe ukipata hela.

Shida ya pili utakutana nayo mapema, na ni ya Kiswahili chenyewe. Vipeperushi vingi vya afya vimetoka kwenye Kiingereza, na ukivisoma kama vilivyo, saa zitakuangusha. Chukua dawa ya mseto ya malaria. Dozi ya pili hunywewa saa nane zikishapita tangu ile ya kwanza. Sasa mwambie mzee wa watu "dozi ya pili ni baada ya saa nane", uone. Yeye amesikia saa nane mchana. Kama ya kwanza kainywa saa tatu asubuhi, kaifupisha nafasi. Kama kainywa jioni, atasubiri mpaka kesho. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa mkali sana juu ya neno "masaa", na anisamehe huko aliko, kwenye video za dawa nalitumia bila aibu: masaa manane. Hata hivyo dawa yake hasa ni kutaja saa za ukutani. "Ukinywa ya kwanza saa mbili asubuhi, ya pili ni saa kumi jioni. Kesho na keshokutwa, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku." Inywewe na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa. Hapo hata anayesikiliza akiwa anachambua mchele amekuelewa.

Maneno ya watu nayo yana mambo yake. Mama anayeona mtoto amekakamaa na macho yamegeuka hatafuti "malaria kali" kwenye simu. Anatafuta degedege. Na sehemu nyingi degedege halihesabiwi kuwa jamaa wa homa hata kidogo. Ni jambo la ndege au shetani, dawa yake kufukizwa, na wapo wanaoamini kabisa kwamba mtoto akichomwa sindano katika hali ile atakufa. Ukifungua video kwa kucheka imani hiyo umempoteza mama kabla hujafika kwenye ushauri. Ukiiita "mtukutiko" kwa kuwa umeikuta kwenye kamusi, hatakupata kabisa. Mimi natumia neno lake, namweleza afanye nini sasa hivi: mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, mkimbize kituo cha afya. Habari ya vimelea inakuja mwishoni, ikipata nafasi. Vivyo hivyo kuhara, kuharisha, kuendesha. Taja yote matatu mwanzoni, utakuwa umewakaribisha watu wa Tanga, wa Mombasa na wengine wengi.

Sauti. Hapa wageni wote wa kazi hii wanaharibu, na nilikuwa kinara. Aliyewahi kukaa kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea filamu mtaani, anajua picha inaweza kuwa na chenga tupu na ukumbi usitoke mtu, alimradi msimulizi anasikika. DJ Afro wa Kenya amejenga jina lake kwa sauti, juu ya filamu za watu wengine. Kwa hiyo hela ya kwanza nunua maiki ya kubana kwenye kola, hata ya bei ya chini. Kama huna, rekodi chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa, simu iwe karibu na kifua. Usirekodi mvua inapopiga bati. Muziki uondoe kabisa wakati wa vipimo na namba.

Uzito wa video ni bando la mtu, nalo linahesabika. Video inayokwenda kwa megabiti moja kwa sekunde inakula kama MB 7.5 kwa dakika. Ukiiachia megabiti nane ili majani yaliyo nyuma yako yaonekane vizuri, dakika moja ni MB 60. Dakika nne za majani hayo, MB 240. Nani atakulipia? Ndiyo maana video zangu nyingi haziendi hata dakika mbili, na jibu liko ndani ya sekunde ishirini za kwanza. Salamu ndefu waachie watu wa harusi.

Kuhusu kupiga picha watu. Ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa si ruhusa ya mtu aliyesimama mbele ya kamera, na anayeumwa hawezi kukubali kwa hiari huku anakuona umeongozana na daktari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na maudhui ya mtandaoni Tanzania yana kanuni zake chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu 2018, ambazo zimebadilishwa baadaye, kwa hiyo soma za sasa. Ila kuna jambo sheria haitakukumbusha kwa wakati. Hospitalini tazama nyuma ya unayemhoji. Niliwahi kurudi nyumbani na mahojiano safi, kuangalia vizuri, kwenye kona ya picha kuna mlango wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na watu wawili wanatoka. Mtaa mzima ungewatambua kwa mwendo tu. Nilifuta yote, na aliyehojiwa nikamwomba radhi na nauli ya kurudi nikalipa mimi.

Video za teknolojia ni rahisi kuzitengeneza na ni rahisi kukuumbua. Nilikuwa naonyesha jinsi ya kupiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na jinsi ya kutuma namba ya tapeli kwenda 15040 (kwa Tanzania). Kitu muhimu, maana wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawajawahi kulala. Katikati ya kurekodi skrini, ukashuka ujumbe wa programu moja ya mikopo: nadaiwa, na kiasi kimeandikwa. Niliona baada ya kuipandisha. Zima arifa, ndugu yangu. Na namba ya siri usiiingize hata ya uongo. Mtazamaji ajifunze kwa macho kwamba mahali hapo kidole cha mtu hakionyeshwi.

Taja tarehe kwa mdomo, si kwa maandishi tu. Menyu za pesa za simu zinabadilika, na afya pia inabadilika. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018, msichana alipewa dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja. Video ya zamani ya dozi mbili bado inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila mwaka wowote, na mzazi anaibishia zahanati. Ya kwangu mojawapo. Siwezi kuirudisha.

Ukianza kuonekana watakufuata wauza dawa za kusafisha ini, ngiri na "UTI sugu", na watakuja kabla hujafikisha wale wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ambazo YouTube inataka ndio ulipwe matangazo. Hela yao ni nzuri. Ukiichukua mara moja, siku ukisema mtoto apelekwe hospitali watu watajiuliza hospitali imekulipa ngapi.

Jingine ni majaribio. Sipandishi kitu kabla hakijaonekana na watu watatu: jirani yangu yule wa mihogo, kijana wa bodaboda wa kijiweni, na mpwa wangu wa kidato cha pili. Siwaulizi kama ni nzuri, maana kwetu hakuna atakayekuambia mbaya usoni. Nawapa kifaa, nasema nionyesheni. Wiki iliyopita ilikuwa namna ya kujipima presha nyumbani. Nimesema yote: pumzika dakika tano, miguu sakafuni, mgongo uegemee, mkono usawa wa moyo, usiongee. Mama akakaa vizuri, akanyamaza kama yuko msibani, akavaa kile kitambaa cha kipimo juu ya mkono wa dera badala ya ngozi tupu.

Nikarudi kuitazama. Dada niliyemtumia kwenye video alikuwa na mkono mrefu wa blauzi, mwembamba, na mimi sikuona. Tunarudia Jumamosi, umeme ukiwepo.