Maswali ya Wasomaji: Mji wa Kidijitali Uanzie Wapi Hapa Kigoma?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa katika kata ya Gungu, Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Siku hizi kila semina tunayoitwa tunaelezwa kwamba miji ya kisasa ni miji ya kidijitali, na tunaonyeshwa picha za kamera za barabarani, skrini kubwa na taa zinazojiwasha zenyewe. Kwetu mvua kubwa ikinyesha mitaro inafurika, taka zinashuka na maji, na gari la taka hatujui litapita lini. Naomba kuuliza, teknolojia hiyo ina manufaa gani kwa mji kama wetu, na kwa fedha kidogo tuanzie wapi?
— Mjumbe, Gungu

JIBU: Ndugu Mjumbe, umeuliza jambo ambalo semina nyingi hulipita juu juu. Kwa maoni yangu mji huanza kuunganika pale taarifa ya mkazi inapomfikia mtendaji mwenye uwezo wa kuishughulikia, kisha mkazi huyo akarudishiwa jibu. Njia hiyo isipokuwepo, kamera na skrini hazitamsaidia mtu wa Gungu hata zikinunuliwa kwa mabilioni. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba fedha kidogo mlizonazo ziende kwanza kwenye ramani ya mitaro, na sababu nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili limekwisha kufanyika hapa hapa nchini.

Mwaka 2015 ulianza jijini Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ambao uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko, ili wachore wenyewe ramani za mitaa yao. Walichokichora kiliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, kuisahihisha na kuitumia bila kulipa chochote.

Kazi yenyewe haina makuu. Vijana wawili wanatembea kando ya mtaro, mmoja ameshika simu yenye programu ya kujazia fomu na mwenzake ana futi ya kupimia. Kila baada ya hatua kadhaa wanasimama, wanapima upana na kina, wanaandika kama kingo ni za zege, za mawe au za udongo mtupu, na wanapiga picha pale mchanga na chupa za plastiki zilipoziba kalavati, huku simu yenyewe ikirekodi mahali waliposimama. Wakimkuta bibi ameketi barazani wanamuuliza maji ya mvua kubwa ya mwisho yalifika wapi, naye akiwaonyesha alama ya tope ukutani, alama hiyo inapimwa kutoka chini na kuingizwa katika fomu. Taarifa zikishapakiwa, mhandisi wa manispaa anaweza kuona kwamba mtaro wenye upana wa mita moja na nusu huko juu unapita katika kalavati lenye nusu ya upana huo huko chini, na kwamba hapo ndipo maji yanaporuka na kuingia majumbani.

Kwa mji wetu ramani hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu ya sura ya nchi. Maji yanayoanguka kwenye miinuko ya Kigoma hatimaye huteremka hadi Ziwa Tanganyika yakiwa yamebeba udongo, taka na uchafu wa vyoo vilivyofurika, na ziwa hilo ndilo tunalolivua na ndilo tunalochota maji ya mji. Isitoshe, kina cha ziwa kilipanda kwa kiasi kikubwa mwaka 2020 na 2021, kikapanda tena mwaka 2024, na maji yakavamia makazi na maeneo ya biashara ya mwambao, kwetu na kwa majirani zetu wa Bujumbura. Mji uliobanwa na maji yanayoshuka kutoka juu na maji yanayopanda kutoka chini unahitaji kujua kwa uhakika kila mtaro unaishia wapi. Ramani moja inayoonyesha mitaro, vizimba vya taka na nyumba zilizo kwenye mkondo itawaelekeza mzibue wapi kabla ya mvua za Novemba, kizimba kipi kihamishwe kisimwagikie mtaroni, na kaya zipi zipewe tahadhari mapema.

Gharama kubwa haitakuwa simu wala bando, wala posho za vijana. Itakuwa kuzibua na kujenga, na hapo ndipo miradi mingi ya namna hii hukwama, kwa sababu ramani ilikabidhiwa kwa sherehe bila kutengewa fungu la kuitekeleza. Naomba sana, Ndugu Mjumbe, muwabane madiwani wenu juu ya fungu hilo kabla kijana wa kwanza hajatoka na futi yake.

Kuhusu gari la taka, kifaa kidogo cha kufuatilia gari kinatosha kuonyesha lilipo, na ujumbe mfupi ukitumwa kwa wakazi siku moja kabla utawaepusha kutoa taka mapema zikachakurwa na mbwa. Usafiri wa mjini nao unaweza kufuata mfano wa Nairobi, ambako watafiti na wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya matatu za jiji zima. Njia za daladala na bajaji kati ya Kigoma mjini, Mwanga na Ujiji ni chache kuliko hizo.

SWALI: Nyumba yangu ilibandikwa namba wakati wa kujiandaa na sensa, na mtaa wetu ukawekewa nguzo yenye jina. Sensa imepita. Namba ile ina kazi gani tena?
— Mstaafu, Ujiji

JIBU: Mzee wetu, Shikamoo. Operesheni ya anwani za makazi ilizinduliwa Februari 2022 na sensa ikafanyika Agosti mwaka huo huo, ndiyo maana wengi wanadhani namba zilikuwa za sensa tu. Taarifa za anwani zimehifadhiwa katika mfumo wa taifa uitwao NaPA, na zimekusudiwa kudumu. Ukipiga 114 kuwaita zimamoto, namba ya nyumba na jina la barabara vinaeleweka upesi zaidi kuliko kuelekeza kwa mti wa mwembe na duka la fulani. Namba hiyo hiyo inaweza kuunganishwa na ramani niliyoieleza hapo juu. Kama nguzo imeng'oka au namba imefutika, mwambie mtendaji wa mtaa, kwa sababu anwani isiyosomeka barabarani haimsaidii anayekutafuta usiku.

SWALI: Mimi nauza dagaa Kibirizi na simu yangu ni ya kitochi. Mji ukiwa wa kidijitali, sisi si tutaachwa nyuma? Na hizo taarifa watakazotuchukua, anazishika nani?
— Mama wa dagaa, Kibirizi

JIBU: Mama yangu, hofu yako ina ushahidi. Jiji la Boston nchini Marekani liliwahi kutumia programu ya simu iliyohisi mtikisiko wa gari na kuripoti mashimo barabarani bila dereva kufanya lolote. Ikaonekana kwamba mitaa yenye vijana na watu wenye kipato, ambao ndio waliokuwa na simu janja, ingesikika kuliko mitaa ya maskini na wazee, ingawa mashimo yalikuwa kote. Mfumo wowote utakaotegemea simu janja pekee hapa Kigoma utaisikia Kibirizi kwa shida, tena Kibirizi iko pale pale ziwa linapopandia.

Dawa yake ipo na haihitaji intaneti. Menyu ya huduma za Serikali ya *152*00# inafunguka kwenye kitochi, na huduma za pesa kwa simu tunazotumia kila siku zimejengwa kwa utaratibu huo huo. Manispaa ikianzisha huduma ya kuripoti mtaro ulioziba au bomba lililopasuka, mdai ipatikane kwa namba ya namna hiyo, kwa Kiswahili, na aliyeripoti apewe namba ya kumbukumbu ya kufuatilia.

Kuhusu anayeshika taarifa zako, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa mujibu wake, anayekusanya taarifa zako anapaswa kukueleza anazichukua kwa kazi gani, na hapaswi kuzigeuzia kazi nyingine kiholela. Kwa hiyo kijana akija mwaloni na fomu kwenye simu, muulize ametumwa na nani, taarifa zitahifadhiwa wapi na nani mwingine ataziona, na kwa nini anahitaji jina lako ikiwa anachopima ni mtaro. Asipokuridhisha, usimpe, na mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Kama taarifa zako zimekwisha kuchukuliwa na kutumiwa vibaya, una haki ya kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.