Alfa ya 0.78 haijakuambia kama swali limeeleweka

Mkuu, umeuliza hivi: umetafsiri dodoso la kupima uwezo wa kufanya kazi, umelijaribu kwa watu 40, alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja) imetoka 0.78, je, unaweza kumwambia msimamizi wako kwamba dodoso limethibitishwa? Bado. Najua inauma, maana mimi nilirudishwa nikiwa na alfa nzuri kuliko hiyo.

Kwa maelezo yako ni lilelile la watafiti wa Finland, akina Ilmarinen na Tuomi, liitwalo Work Ability Index, lililotokana na kuwafuatilia watumishi wa manispaa miaka ya 1980. Vipengele saba, alama 7 hadi 49. Chini ya 28 uwezo ni hafifu, 44 kwenda juu ni bora sana. Mimi nililipeleka kwenye kiwanda kimoja cha chai. Tafsiri tuliifanya kwa utaratibu wake: wawili wakaleta Kiswahili, mwingine ambaye hajaliona la asili akarudisha Kiingereza, tukakaa kulinganisha. Kwenye karatasi kila kitu safi.

Kosa nililolifanya ni kuruka hatua ya kuongea na watu. Niliporudishwa ndipo nikakaa na wafanyakazi kumi, mmoja mmoja: soma swali kwa sauti, halafu niambie kwa maneno yako umeulizwa nini. Swali la kwanza linamtaka mtu ajipe alama 0 hadi 10, kumi ikiwa ni uwezo wake ulipokuwa juu kuliko wakati wote. Mama mmoja wa kwenye mashine ya kukaushia akanitazama: "Mwanangu, miaka kumi na tisa niko hapa, unaniuliza kama kazi naijua?" Akajipa kumi. Alipoinuka, aliinuka kwa kushika meza kwa mikono miwili. Kumbe kwake "uwezo wa kufanya kazi" ni ujuzi. Tukaandika upya, tukatumia "unavyoimudu kazi kwa hali ya mwili na akili yako ilivyo sasa".

Swali la sita ndilo lililonitoa jasho. Linauliza kama, kwa afya yako, unaamini utaweza kufanya kazi hii miaka miwili ijayo. Waislamu kwa Wakristo, jibu moja: "Panapo majaliwa." Msaidizi wangu alikuwa anaweka tiki kwenye "sina hakika". Sasa angalia alama zake: 1, 4 au 7. Mtu mwenye afya njema anapoteza alama tatu kwa sababu ya adabu tu, na kama alikuwa na 38 ameshuka kutoka "nzuri" hadi "wastani". Tulitanguliza maneno "Mungu akikujaalia uhai, na kazi ikiwa ni hiihii", watu wakaanza kujibu kuhusu afya.

Siku za kuumwa nazo zina mtego. Wa ajira ya kudumu anahesabu siku zake za ED, yaani za mapumziko anazoandikiwa na daktari. Kibarua asipokuja halipwi, kwa hiyo anakuja na homa yake, anaandika sifuri na kuvuna alama zote tano. Hapo hatukugusa swali, maana ukilibadilisha sana huwezi tena kujilinganisha na tafiti za wengine. Tuliongeza swali la pembeni lisilohesabiwa, na vibarua tukawachambua peke yao.

Haya yote alfa haiyaoni. Inakuonyesha kama majibu yanakwenda pamoja, na watu wanaweza kukosea pamoja vizuri kabisa. Mimi fomu za mwanzo nilimwachia msimamizi wa zamu azikusanye, watu wakijua bosi ataziona; zikarudi kiwanda kizima ni wazima kama chuma.

Takwimu zinafuata baada ya hapo. Rudia dodoso kwa watu walewale baada ya wiki mbili hivi, uone kama majibu yanabaki yaleyale, ila chagua kipindi ambacho kazi haibadiliki. Mimi duru ya pili iliangukia mvua, majani yamefurika, alama zikashuka kwa sababu watu walikuwa wamechoka kweli. Angalia kama wenye maradhi ya mgongo wanapata alama za chini kuliko wasio nayo. Uchambuzi wa kuona maswali yanajigawa katika makundi mangapi (factor analysis) usiuguse kwa watu 40, tafuta angalau 200, na usishtuke ukipata makundi mawili au matatu badala ya moja, hata nchi nyingine imetokea hivyo.

Hizo fomu 40 usizitupe. Rudi kwa watu wanane au kumi kati ya hao wiki hii, uanze na swali la sita.