Afisa habari anataka asome stori kabla haijatoka, tumpe?

SWALI: Habari mhariri. Sisi ni vijana wanne, tuna chombo kidogo cha mtandaoni tunafuatilia matumizi ya halmashauri yetu. Kuna mtu katupa kopi ya vocha ya malipo ya mradi wa zahanati, mkandarasi kalipwa hela yote na jengo halijafika hata lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha). Afisa habari anasema atajibu ila kwanza tumtumie stori nzima na hiyo vocha aihakiki. Halmashauri hiyohiyo inatupa matangazo ya zabuni, ndo yanalipa pango na bando. Tufanyeje?

JIBU: Vocha usitume, stori usitume. Maswali tuma, tena yote.

Upande wa pili una haki ya kusikika, hilo halina mjadala, ila haki ya kusikika siyo haki ya kuhariri, na huyo bwana anajua tofauti vizuri tu anajaribu bahati. Mwandikie kwa imeili au barua yenye muhuri wa kupokelewa, siyo WhatsApp ya juujuu. Taja kila tuhuma wazi, kwamba mkandarasi fulani kalipwa kiasi fulani tarehe fulani, na nyie mlifika saiti tarehe fulani mkakuta ukuta hauna lenta, nani alikagua kazi na nani aliidhinisha malipo? Usifiche tuhuma kubwa ukaja kuishtukiza kwenye stori, hapo mtakuwa mmevunja maadili nyie. Mpe siku tatu za kazi. Na kila anayetajwa apate maswali yake, Mkurugenzi, mhandisi, na mkandarasi ambaye wengi wanamsahau kwa kuona halmashauri imeshajibu kwa niaba yake.

Sasa kuhusu vocha. Mwaka 2017 The Intercept ya Marekani ilipata ripoti ya siri ya NSA, shirika la ujasusi la nchi hiyo, kuhusu Warusi kujaribu kudukua mifumo ya uchaguzi wa 2016, na katika kuihakiki nakala yake ikafika mikononi mwa serikali. Wachunguzi wakaona karatasi ina alama za kukunjwa, wakajua imeprintiwa ikatolewa ofisini kwa mkono. Wakaangalia nani ameiprinti, wakapata watu sita, na kompyuta ya mmoja wao ikaonyesha amewahi kuwasiliana na chombo hicho kwa imeili. Ndo ikawa mwisho wa Reality Winner, aliyeivujisha, Agosti 2018 akahukumiwa miaka 5 na miezi 3. Na huko waliokuwa wameprinti ni sita, kwenye ofisi ya fedha ya halmashauri wanaogusa vocha moja wanaweza kuwa wawili, na mwandiko wa pembeni au kona iliyochanika inatosha kumtaja mtu wako. Hata kwenye stori msibandike picha yake, nukuuni kilichomo.

Kuhakiki kuna njia nyingine. Angalieni NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, kama zabuni hiyo ipo, tafuteni diwani wa kamati ya fedha, someni ripoti ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) ya halmashauri yenu kama mradi uliwahi kuguswa. Halafu zahanati nyingi siku hizi zinajengwa kwa fosi akaunti, halmashauri inanunua vifaa na kukodi mafundi yenyewe, kwa hiyo kama hapo kuna mkandarasi kamili ulizieni mkataba kabla ya kitu kingine chochote, inawezekana stori yenu iko hukohuko. Aya ya kitaalamu, mfano kuhusu hatua za ujenzi, mnaweza kumsomea mhandisi asiyehusika kwa simu aseme kama mmeelewa sawa, hiyo ruksa.

Kwenye matangazo ndo naona hatari yenyewe, na siyo tangazo linalowafunga, ni deni. Halmashauri inatangaza leo inalipa baada ya miezi, na wiki mnayotuma maswali ndo wiki mnayofuatilia invoisi, mtu anapiga simu ya kirafiki tu, "malipo yenu yapo mezani kwa bosi". Hajatishia, ila kila mtu kaelewa. Hata vyombo vikubwa vinaminywa hivyo, Kenya mwaka 2017 serikali iliagiza wizara na taasisi zake ziache kutangaza kwenye vyombo binafsi na Machi 2024 ikaagiza matangazo yake ya redio na TV yaende KBC, shirika lake la utangazaji, na wale walikuwa na watangazaji wengine wa kuegemea, nyie mna nani?

Mimi nisingewaambia mkatae matangazo, zabuni ni taarifa ya umma na wananchi wanaihitaji. Ila wekeni kwa maandishi leo, kabla ya hii stori, kwamba anayedai hela haandiki wala kuhariri chochote kuhusu anayedaiwa, hata kama mko wanne, na halmashauri isizidi theluthi ya mapato yenu (hiyo theluthi ni kipimo changu, nyie wekeni chenu). Na ndani ya stori andikeni sentensi moja kwamba halmashauri hii inatangaza kwetu. Msipoisema nyie ataisema mkandarasi.

Siku tatu zikiisha kimya, chapisheni, mkisema mlituma maswali lini na yalipokelewa lini. Majibu yakija baadaye yawekeni juu kabisa ya stori pamoja na tarehe yaliyofika, msiyazike chini.