Rafu imepinda, rangi inabanduka

Dada, umesema rafu mliyoiunda wewe na shemeji hapo Tukuyu imepinda, na rangi ya ukuta nyuma yake inabanduka. Poleni. Hizo mbao za paini mlizinunua mbichi, sivyo? Safari ijayo zipangeni chini ya paa, vijiti katikati hewa ipite, wiki kadhaa kabla ya kuranda. Sisi tulikuwa na haraka. Kabati letu mpaka leo linafungwa kwa teke.

Ukuta ndio kazi. Kwangueni rangi yote hadi plasta, chimbeni mfereji nje ili maji ya mvua yasituame kwenye msingi, halafu subirini kiangazi. Kupaka juu ya unyevu ni kutupa hela. Na vile vikapu vya milulu mlivyotoa Iringa msivitundike hapo kwanza, vitaota ukungu.